Daftari la Kitanda cha Tisa

Saa sita mchana mlinzi alifungua geti la hospitali, na watu wakaingia kama maji yaliyovunja kingo. Kila mmoja alikuwa na chake mkononi: huyu hotpoti, yule chupa ya chai, mwingine ndoo ndogo ya uji iliyofunikwa kwa sahani. Muda wa kuona wagonjwa ni saa moja tu, na mwenye mgonjwa anajua kwamba saa moja ya hospitali ni fupi kuliko saa moja ya mahali pengine popote.

Eufrasia alikuwa katikati ya mkondo ule, kapu begani, amevaa gauni la kitenge cha bluu chenye maua ya njano, mikono ya puto, kiuno kimebanwa vizuri bila kubana pumzi. Alilishona mwenyewe. Yeye ni fundi cherehani kule Ruhuwiko, na fundi asipovaa vizuri nani atampelekea kitambaa? Alikuwa anamwahi babu yake, Mzee Osmund, aliyelazwa kitanda cha kumi baada ya kupasuliwa ngiri.

Kati ya kitanda cha tisa na cha kumi palikuwa na upenyo mwembamba. Eufrasia alipita kwa ubavu. Yeye alipita, kapu halikupita. Mpini wake ulinasa kamba iliyoning'inizwa mwisho wa kitanda cha tisa, na mfuko wa mchanga uliofungwa kwenye ile kamba ukabembea kama kengele ya kanisa.

"Mama yangu wee! Dada, unaniua!"

"Jamani! Samahani kaka, sikuona!"

"Hukuona? Mguu umesimama juu kama mlingoti wa bendera, hukuona?"

"Nimesema samahani. Nishike wapi? Nishike hapa?"

"Usishike popote! Simama tu hapo hapo, upumue, na mimi nipumue."

Mzee Fulgence wa kitanda cha nane, mtu mwenye neno kwa kila jambo, aliinua kichwa. "Mwache, kijana. Binti kaja kuvua, ndoano imenasa samaki mkubwa."

Wodi nzima ikacheka. Mwenye mguu naye akacheka, jasho likimtoka puani. Hapo Eufrasia akamtazama vizuri: kijana wa kama miaka thelathini, mabega mapana ya mtu wa kazi, kucha zenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni, na meno meupe yenye mwanya. Jina lake Anord. Ni fundi pikipiki. Alikuwa anajaribu pikipiki ya mteja kwenye mteremko wa Matogoro, changarawe ikamtupa, mfupa wa paja ukakatika vipande viwili. Simu yake nzuri, iliyokuwa mfukoni, ikasagika palepale. Mdogo wake, Ramson, alimletea kitochi cha kupiga na kupokea tu, kisha akarudi kwenye shamba lao la tumbaku, Namtumbo.

Siku hiyo Eufrasia alimgawia ugali na maharage ya karanga, kama fidia. Kesho yake akamgawia tena, bila kosa lolote.

"Unaumwa sana?" alimwuliza.

"Maumivu nimeyazoea. Ninachokosa ni blogu zangu."

"Blogu?"

"Zipo mbili. Moja ya mpira. Nyingine ndiyo yenyewe, inaitwa Jembe Butu. Mkulima mmoja, sijui hata sura yake. Anaandika mambo ya shamba, lakini utacheka! Mara kagombana na mbuzi, mara mkewe kamkimbiza na mwiko. Huku anakufundisha mbolea. Mimi nalala hapa, Eufrasia, naiangalia hii dari. Ina misumari mia moja na kumi na nne. Nimezihesabu mbao zake, nimeyahesabu madoa yake. Wiki sita mgongo chini, siwezi hata kugeuka ubavu."

"Nikuachie simu yangu basi."

"Utashonaje? Wateja si wanakutumia picha za mishono humo humo? Halafu mtandao wenyewe unashika pale dirishani. Mimi dirishani nitafikaje, nitaruka?"

Eufrasia alifikiri huku akikunja kitambaa cha kufunikia sahani. Alikikunja mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena.

"Basi nitakunakilia."

"Utafanyaje?"

"Kila wakiandika kitu kipya, nakiandika kwenye daftari, nakuletea mchana. Unabaki nalo, unasoma ukiwa na nafasi."

"Blogu ya kalamu!" Anord alicheka mpaka kamba ikatikisika. "Aisee. Sijawahi kusikia."

"Hujawahi kuvunjika paja pia."

Ndivyo ilivyoanza. Alichukua daftari gumu la kurasa nyingi, la mistari mipana, akawa anaandika asubuhi kibarazani kabla ya kufungua cherehani. Habari za mpira aliziandika mbio mbio. Za Jembe Butu aliziandika kwa mwandiko wa kulala, na palipokuwa na picha alichora mwenyewe: mbuzi, debe la kumwagilia, mke mwenye mikono kiunoni. Saa tisa alasiri, dawa zikishanywewa, Anord aliisomea wodi kwa sauti. Wagonjwa walisubiri. Mzee Fulgence alibishana na Jembe Butu kana kwamba yuko palepale. "Mwongo huyo! Mbolea ya kuku huiweki mbichi!"

Mzee Osmund aliruhusiwa baada ya wiki moja. Eufrasia hakuacha kwenda.

"Babu yako si yuko nyumbani?" nesi alimwuliza getini.

"Yuko nyumbani."

"Haya. Pita, wewe mwenye babu kitanda cha tisa."

Na kitochi nacho hakikulala njaa. Usiku Anord alimpigia, na siku hizi alimwita Karani.

"Karani wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula lakini sijashiba. Leo hukuja wewe, alikuja yule binamu yako na hotpoti. Anapakua kama anamgawia kuku."

"Nilikuwa na sare za kwaya, mpenzi wangu. Kumi na nane."

"Rudia."

"Sare kumi na nane."

"Sio hapo. Pale kabla ya nukta."

Eufrasia alicheka, akakata simu, akajichoma sindano.

Katikati ya Oktoba daktari alikuja na picha ya mfupa, akaiinua kwenye mwanga. Mfupa haujashika vizuri. Ziongezwe wiki sita nyingine. Eufrasia alikuwepo. Alimwona Anord akitikisa kichwa kama mtu mzima, akisema asante daktari, kisha daktari alipopita kitanda kingine midomo yake ikaanza kucheza yenyewe, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, kwa kuwa mtu aliyelala chali hulia kuelekea masikioni.

"Wiki sita," alisema. "Kesho niletee Jembe Butu, Karani. Niletee hata kama ni mistari miwili."

Asubuhi yake Eufrasia alifungua simu. Jembe Butu alikuwa ameandika. *Ndugu wasomaji, leo naweka jembe chini. Nimepata ajira ya ofisini mjini. Kilimo kimenishinda. Asanteni kwa kuwa nami.* Basi.

Eufrasia aliisoma mara nne. Alichukua kalamu, akaandika "Ndugu wasomaji," mkono ukagoma. Ataipelekaje hii kwa mtu yule, leo? Akachana ule ukurasa. Kisha, kwenye ukurasa mpya, akaandika kwamba mbuzi wa Jembe Butu ameingia ofisi ya kijiji na kula barua ya mwenyekiti.

Saa tisa wodi ilicheka mpaka nesi akaja kuangalia kulikoni.

Alijiambia ni siku moja tu. Lakini uongo wa huruma ni kama uzi uliotoka kwenye pindo. Ukiuvuta kidogo, gauni zima linakufuata. Kesho Anord aliuliza mwenyekiti alisemaje. Keshokutwa akauliza kama barua ilipatikana. Eufrasia akawa anaamka kuandika kabla hata ya kupiga mswaki. Ya mbolea aliyauliza kwa babu yake, ya mke aliyatoa kwa majirani. Kila mchana alipoingia wodini alisema moyoni, leo namwambia. Kila mchana Anord alinyoosha mkono kabla hajasalimia. "Lete." Naye akatoa. Anord alikuwa amefungwa mguu. Yeye alifungwa kalamu, na hakuna daktari aliyemtajia wiki.

Mwisho wa Novemba, Mzee Osmund aliamka akikohoa. Miaka arobaini alilima tumbaku na kuikausha ndani ya bani, kile kibanda cha moshi na moto ambamo mtu hukesha akichochea. Asubuhi ile alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Babu, ungerudi ujana ungelima tena?"

"Tumbaku? Ningeing'oa kitaluni, mjukuu wangu, nikapanda ufuta nikalala usingizi."

Maneno yale yalimwingia. Aliyaandika kama yalivyo, akayaweka kinywani mwa Jembe Butu: *Nimekohoa vya kutosha. Leo nimeng'oa vitalu vyote, miche nimewagawia majirani, mwaka huu ni ufuta.* Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Alijua ni mzuri. Anord aliusoma kimya, hakuisomea wodi, akalifunga daftari na kuliweka kifuani.

Jumatatu alimkuta uso unang'aa.

"Karani, kaa. Nimefanya jambo."

"Jambo gani?"

"Nimempigia Ramson juzi. Nimemwambia tumbaku basi. Ang'oe vitalu, agawe miche, tuingie ufuta. Amebishaa! Nikamwambia mimi ndiye kaka. Jana wamegawa."

Hotpoti lilimlemea Eufrasia ghafla, akaliweka sakafuni.

"Anord. Mpigie. Mwambie asimamishe."

"Asimamishe nini? Jembe Butu mwenyewe—"

"Jembe Butu hajang'oa kitu."

"Ameng'oa. Huu hapa, mwandiko wako."

"Mwandiko wangu. Na maneno yangu."

Anord alimtazama kama mtu aliyeambiwa neno kwa lugha ya mbali.

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko ofisini. Amepata ajira. Aliaga tangu Oktoba, akaacha kuandika."

"Na yule mbuzi aliyekula barua?"

"Wangu."

"Na mke kumfungia nje na suruali moja?"

"Wangu, Anord."

Wagonjwa waligeuza macho. Hata Mzee Fulgence alikuwa anajikuna kidevu akitazama blanketi lake.

"Nimewasomea watu wote hawa," Anord alisema polepole. "Kila siku saa tisa. Nimekuwa mpumbavu wako wa saa tisa."

"Sikukucheka hata siku moja. Ulikuwa unalia, nikashindwa kukuletea—"

"Mimi nimefungwa hapa, Eufrasia! Sioni nje. Lile daftari ndilo lilikuwa dirisha langu. Kumbe ulichora ukutani." Alilisukuma daftari pembeni. "Tumbaku ile ndiyo chakula cha mama yangu na watoto wa Ramson. Sasa sikia. Mtu mwingine angeinuka akaondoka. Mimi siwezi. Kwa hiyo nenda wewe."

"Anord, mpenzi—"

Hakuweza kumpa mgongo, maana alikuwa amelalia mgongo. Alivuta shuka akajifunika uso, kama wanavyofunikwa wale ambao nesi huwavutia pazia.

Nyumbani babu yake alimsikiliza mpaka mwisho, kikombe cha chai kikipoa mkononi.

"Mimi nilisema nakohoa," alisema. "Sikusema ung'oe mashamba ya watu."

"Nifanyeje, babu?"

"Mche ukikaa na udongo mizizini, kivulini, na gunia bichi juu, unavumilia siku tatu, nne. Leo ni siku ya pili. Unakaa hapa unaniuliza mimi?"

Kulipokucha alikuwa njiani kwenda Namtumbo, na viatu vya plastiki kwenye mfuko. Ramson, aliyekwisha kupigiwa simu na Anord, alimpokea shambani, mtu mfupi mwenye kofia ya mvua, uso umevimba kwa hasira.

"Wewe ndiye Jembe Butu?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Usiniite shemeji, nimeshika panga."

Mkewe, Recho, alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Alimtazama Eufrasia kuanzia kilemba mpaka vidole vya miguu. "Mpe jembe," alisema. "Matusi utampa akiwa anafanya kazi."

Walizunguka kwa majirani watatu waliopewa miche. Wa kwanza alikwisha kupanda yote. Huwezi kumng'olea mtu kilichoshika. Wa pili alitoa mabaki, matenga mawili. Wa tatu, Mzee Majidi, aliwapeleka nyuma ya nyumba, akafunua gunia lililolowa. Miche ilikuwa imepangwa kwa safu, mizizi kwa mizizi.

"Shikamoo baba," Eufrasia alisema, akainama kuigusa miche.

"Marahaba, binti. Chukueni. Sikuipanda. Nilisema, hawa vijana wamekumbwa na jambo, Inshaallah akili itawarudia. Mtu hang'oi riziki yake hivi hivi."

Walipanda siku nne, kwenye mvua, wakiinama tangu asubuhi. Mikono ya Eufrasia iliyozoea sindano ilipasuka. Siku ya kwanza Ramson hakusema naye. Siku ya pili alimwambia, "Kina kifupi hicho." Siku ya tatu alimwuliza yule mke wa kwenye blogu, mwenye kufungia mlango, alimtoa wapi. Simu ya Eufrasia iliisha chaji tangu siku ya kwanza, na umeme wa pale ulikuwa umekatika kwa mvua. Hakumpigia Anord, na hakujua kama Anord amempigia. Miche ilipokwisha, shamba lilikuwa limejaa nusu. Nusu nyingine ilibaki udongo mtupu unaometa maji.

Jumamosi alishuka Songea, akachaji simu kidogo dukani karibu na stendi, kisha akaenda moja kwa moja hospitali na matope yake. Kwenye kitanda cha tisa alikuwa amelala mzee mmoja.

"Ameruhusiwa jana," Mzee Fulgence alimwambia. "Mfupa umeshika. Amepewa magongo. Lakini kabla ya hapo aliazima simu ya mwanangu, akambembeleza aipeleke dirishani mpaka ukurasa ufunguke, kisha amrudishie kitandani. Akasoma. Akasoma."

"Alisoma nini?"

"Mimi ningejuaje? Uso ulikuwa wa mtu anayesoma barua ya msiba."

Eufrasia alirudi mpaka mlangoni, akaegemea ukuta. Simu ikaita.

"Uko wapi?" Sauti ya Anord ilikuwa kavu.

"Mlangoni mwa wodi. Natazama kitanda chako."

"Mimi nipo kibarazani kwako. Natazama cherehani yako."

Hakukumbuka alivyofika. Alimkuta amekaa kwenye benchi la wateja, shati la kijani lililopigwa pasi, suruali imekatwa mguu mmoja, magongo mawili yamelala pembeni yake juu ya benchi. Alikuwa amekonda mguu ule mpaka huruma. Babu alikuwa amemwekea chai na kujiondoa ndani, lakini kikohozi chake kilisikika karibu mno na dirisha.

Eufrasia alibaki amesimama.

"Nimeisoma ile ya kweli," Anord alisema. "Nimeona tarehe yake. Ni kesho yake ya siku ile daktari aliposema wiki sita."

"Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Ungelia."

"Ningelia. Halafu ningenyamaza. Machozi hayavunji mfupa, Eufrasia."

"Najua sasa."

"Ramson alinipigia jana kwa simu ya mtu. Ameniambia yuko na mwanamke ana matope mpaka kwenye nyusi." Alikaribia kutabasamu, akajizuia. "Unataka kujua kama nimekusamehe? Hata mimi sijui. Asubuhi nilikuwa nimeshakusamehe. Nimekuja huku kwa magongo, kwapa zinawaka moto, nikakukasirikia upya. Nimefika, nimeona hizo chaki na mikasi, nikasamehe tena. Sasa umekuja, sijui nipo wapi."

"Mimi nipo hapa."

"Nakuona." Aliinamisha kichwa, akasugua weusi wa kucha zake. "Nataka kumtuma mjomba wangu, anaitwa Leo, kwa babu yako."

"Kwa jambo gani?"

"Usijifanye."

Ndani kikohozi kikakatika ghafla. Eufrasia angeweza kusema ndiyo palepale, na chai ingenywewa, na siku ingekuwa tamu. Utamu wote alioutaka tangu Septemba ulikuwa umekaa pale kwenye benchi.

"Kabla hujamtuma," alisema, "kuna mabaya matatu."

Anord aliinua macho.

"La kwanza, shamba limejaa nusu tu. Nusu ni tupu, na miche hakuna tena, nimeuliza kila mlango. La pili, safu zangu ni mbovu. Recho anasema zimekaa kama mshono wa fundi mlevi, na baadhi itakufa. La tatu ni langu mimi." Alivuta pindo la kitenge. "Siwezi kukuahidi kwamba sitakuficha tena kitu. Nikimwona mtu anaumia, mdomo wangu unakimbilia asali. Nimezaliwa hivyo. Ninachoweza ni kurudi siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, nikakwambia nimedanganya wapi. Ukiona haikutoshi, mjomba Leo asichoke bure."

Jirani alipita na ndoo ya maji, akawasalimia, wakaitikia wote wawili kwa pamoja. Anord alimtazama kwa muda mrefu, viatu vya plastiki, matope yaliyokauka kwenye kitenge, viganja vilivyopasuka. Kisha akanyoosha mkono, akayashika magongo, akayatoa juu ya benchi moja moja na kuyalaza sakafuni.

"Kaa," alisema. "Tuanze na shamba. Nusu ipi imebaki?"

"Ya bondeni," Eufrasia alisema, akakaa.